Kwa nini tunamshangilia mama muuaji wa kwenye hadithi wakati mtaani tungemkimbia

Hapa Mbeya kuna ubishi ulioanzia kwenye magrupu ya WhatsApp, ukaingia saluni za Mwanjelwa, sasa hivi umefika mpaka vijiwe vya bajaji pale Kabwe. Unahusu zile hadithi za mfululizo, za "sehemu ya 9, itaendelea kesho usiku", pamoja na movi zilizotafsiriwa, ambazo mhusika mkuu ni mwanamke anayewamaliza watu wabaya mmoja mmoja huku msomaji anacheka. Upande mmoja unasema hizi hadithi zinaharibu wake za watu. Upande wa pili unasema acheni ushamba, hiyo ni burudani tu. Alafu anatokea mtu wa tatu, mara nyingi mwalimu au mchungaji, anauliza swali ambalo kwa kweli ni zuri kuliko majibu yote yaliyotolewa: inakuwaje mtu mstaarabu, anayezima redio akisikia taarifa ya mauaji kwa sababu inamuumiza, jioni hiyohiyo anasoma mama kaua mtu alafu anatuma emoji za kulia kwa kucheka?

Swali hilo ndo nataka tulifungue taratibu, maana naona watu wanalijibu kwa hasira bila kuliangalia.

Tukubaliane kwanza tunaongelea nini. Antihiro ni mhusika mkuu ambaye tuko upande wake ingawa matendo yake hatuwezi kuyasifia mbele ya watoto. Yeye sio jambazi wa hadithi, yule tunayemsubiri akamatwe, na sio shujaa msafi anayesamehe saba mara sabini. Yuko katikati, tunamjua ana makosa na bado tunaombea asikamatwe. Akiwa mwanamke ni hivohivo, ila kuna mambo yanabadilika ambayo nitayafikia. Kujichukulia sheria mkononi hilo kila mtu analijua, ni kuadhibu bila polisi wala mahakama. Na komedi nyeusi ni uchekeshaji unaochezea vitu ambavyo kwa kawaida tunavililia: kifo, maiti, mazishi, magonjwa. Ukichanganya hivyo vitatu unapata yule mama wa kwenye simu yako, anayeadhibu watu ambao sheria imewaacha na anasimulia kwa sauti ya mtu anayekuelekeza kupika makande.

Sasa wale wanaosema haya mambo ya kuchekea kifo yameletwa na wazungu, nawaomba wakumbuke misiba ya kwao. Wangoni na Wahehe walipigana vita kweli karne ya 19, vita vya kuuana sio vya maneno, na leo ni watani. Mtani akija msibani anafanya mambo gani? Anamuigiza marehemu anavyotembea, anadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa, wengine wanashuka kabisa kaburini wanakaa humo wanagoma kutoka mpaka walipwe, na jeneza liko pembeni na mjane yuko palepale. Na mjane anacheka. Analia na anacheka. Hakuna mtu anayesema mtani anafurahia kifo, kila mtu anajua kazi yake pale ni kufanya uzito uwe wa kubebeka. Kwa hiyo mtu wa Iringa au Songea ambaye amekulia kwenye misiba ya namna hiyo akiniambia haelewi komedi nyeusi namshangaa kidogo.

Hata Sungura wa hadithi za bibi, ukimkumbuka vizuri, sio mtoto mzuri. Anadanganya, anaiba, Fisi anaumizwa vibaya au anakufa kwa sababu yake, Simba anaaibishwa, na sisi tulikuwa tunalala tukiwa na furaha. Mdogo kamshinda mkubwa, basi.

Kuna watu waliojaribu kulieleza hili kitaalamu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walitoa maelezo ambayo kwa lugha nyepesi ni haya: kitu kinachekesha pale kinapovunja utaratibu na wakati huohuo unahisi kwamba hakuna madhara ya kweli. Vyote viwili kwa pamoja. Utaratibu ukivunjwa na madhara yakawepo, ni msiba, na kama hakuna kilichovunjwa ni taarifa tu, haichekeshi wala haiumizi. Sigmund Freud naye, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, miaka mingi kabla yao alikuwa na mfano wa mhalifu anayepelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, anasema, wiki imeanza vizuri. Mbongo yeyote anaweza kuisema hiyo akiwa kwenye basi limekwama Kitonga.

Lakini nadharia peke yake haitoshi, tuone inavyofanya kazi. Natunga hapa hapa, sijaitoa popote.

Chukua dalali wa viazi. Wakulima wa huku wanamjua huyo mtu. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini yeye anataka lumbesa, lile gunia linaloongezwa juu mpaka linaota kilemba na kufungwa kwa kamba, analipa bei ya gunia moja na wewe umempa gunia na nusu. Sasa dalali huyo amekutwa amekufa. Taarifa ya habari itasema: mwili wa mwanaume mwenye umri wa miaka kati ya 45 na 50 umekutwa ndani ya gunia pembezoni mwa barabara ya kwenda Tukuyu, uchunguzi unaendelea. Hapo hucheki, unasema maskini, unawaza watoto wake.

Sasa msikilize mama mjane, mkulima, anavyolisimulia yeye mwenyewe: "Jamani kumpakia dalali kwenye gunia ni kazi, msione watu wanaandika kirahisi. Tulianza na miguu, tukaona hapana, tukaanza na kichwa. Nilitaka niongeze na viatu vyake lakini nikasema hapana mama, wewe sio kama yeye. Nikamweka kwenye mizani. Kilo tisini na mbili. Tangu nimfahamu yule bwana, miaka kumi na moja ya biashara, hiyo ndo mara ya kwanza namuona yuko ndani ya kipimo."

Ukicheka, jiulize umecheka nini. Kifo chenyewe hukukicheka, kwa sababu kwenye taarifa ya habari kifo ni kilekile na hukucheka. Umecheka kwanza kwa sababu mama anatumia lugha ya kazi, ya kupakia na kupima, kwenye kitu ambacho hakipakiwi wala hakipimwi. Na pia kwa sababu ile sheria ya kilo 100, ambayo miaka yote ilikuwa karatasi tu ukutani, leo imetekelezwa, tena na mtu aliyekuwa anaonewa kwa kuwa haitekelezwi, tena kwa uaminifu mpaka viatu vimetolewa. Ile "wewe sio kama yeye" ndo inanimaliza mimi, maana mtu kaua ila anakataa kuzidisha kipimo. Ana maadili, yamekaa tu sehemu ambayo hukutegemea.

Na kuna kitu kingine hapo ambacho ni kikubwa kuliko utani, kwa maoni yangu ndo kiini cha haya yote. Umecheka kwa sababu nimekuambia mapema kwamba dalali ana hatia. Hukuwa na shaka hata kidogo.

Msomaji wa hadithi ana VAR, zile video za marudio zinazomsaidia refa wa mpira. Kila kitu ameonyeshwa, tena kwa marudio ya polepole: amemuona yule shemeji akighushi karatasi za mirathi, amemsikia bosi akimwambia binti wa kazi maneno aliyomwambia usiku, amesoma mawazo ya mtu kichwani mwake. Mwandishi akisema penati, ni penati. Mtaani hatuna hiyo, mtaani tuna jukwaa linalopiga kelele na refa ambaye yuko mbali na mpira. Kwa hiyo raha unayoipata kwenye hadithi kwa sehemu kubwa inatokana na uhakika kuliko damu. Kwa mara moja katika maisha yako unajua kwa asilimia mia nani kafanya nini, na unaona inalipwa, na haikuchukua miaka sita ya kuambiwa njoo tarehe nyingine faili halionekani.

Hapo ndo utaelewa kwa nini hadithi hizi zinapendwa zaidi sehemu ambazo watu wamechoka na kusubiri. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mbakaji anapata kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kesi nyingi, ni sheria kali kweli, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kila mtu wa huku anajua kikao cha familia kinachoitwa kabla ya mtu kufika kituoni, wazee wamekaa, chai imepikwa na mama wa mtoto aliyefanyiwa hayo, na mtu mmoja mwenye heshima anasema haya mambo tuyamalize nyumbani. Kati ya hiyo miaka 30 iliyoandikwa na hiyo chai iliyopikwa, pana nafasi kubwa sana, na yule mama wa kwenye hadithi anaota humo.

Kwa nini lazima awe mwanamke? Sio lazima. Wanaume wa namna hii wapo siku zote na hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Tuliokulia na vitabu vya Kiswahili vya upelelezi tunamkumbuka Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona miaka ya 1970, huyo anaua mpaka unapoteza hesabu, ila yeye anatumwa na serikali kwa hiyo sio mfano halisi wa kujichukulia sheria mkononi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa yuko huru zaidi, anafanya anavyoona inafaa. Pembeni yake yupo Nuru, mrembo na mwenye akili, lakini pembeni. Mara nyingi kwenye hadithi zetu za upelelezi mwanamke alikuwa chambo au mpenzi, au ndo huyo aliyekutwa amekufa ukurasa wa 3 ili wanaume wapate kazi ya kufanya. Kumtoa pale chini na kumpa kisu ni kubadilisha mchezo mzima, na sehemu ya furaha ya wasomaji wa kike ni hiyo tu, hawajazoea kumuona akiwa na zamu yake.

Ila kwa upande wa komedi kuna faida nyingine ambayo mwanaume hana. Mwanamke wa nyumbani haonekani. Namaanisha yupo chumbani, ameshika trei, na wanaume wanaongea mambo yao kana kwamba ni kabati. Mama ntilie anasikia mipango yote ya stendi. Binti wa kazi anajua bosi amelala wapi. Mwandishi mjanja anachukua hiyo dharau na kuigeuza silaha, kwa sababu mtu usiyemuona huwezi kumshuku.

Mfano bora kabisa ni hadithi fupi ya mwandishi Mwingereza Roald Dahl ya mwaka 1953, "Lamb to the Slaughter", na nitaisimulia kidogo maana watu wengi wameiona ikizunguka bila kujua imetoka wapi. Mary Maloney ni mke mjamzito, mumewe ni polisi. Jioni mume anarudi, anamwambia jambo, Dahl hatuandikii maneno yenyewe ila tunaelewa kwamba anamuacha. Mary, kama mtu aliyepigwa na butwaa, anashuka kutafuta kitu cha kupika chakula cha jioni, anatoa paja la kondoo lililoganda kama jiwe, anarudi nalo, anampiga nalo mumewe kichwani. Anakufa. Mary anaweka paja kwenye oveni, anaenda dukani kununua mboga akijifanya kila kitu kiko sawa, akirudi analia, na kilio ni cha kweli. Polisi wanakuja, ni marafiki wa mumewe, wanatafuta silaha nyumba nzima. Saa zinaenda, wamechoka, na nyama imeiva. Mary anawabembeleza waile, ingekuwa vibaya kuwaacha na njaa nyumbani kwa rafiki yao. Wanakula. Wanakula silaha. Na mmoja wao anasema huku anatafuna kwamba hiyo silaha lazima iko humuhumu ndani, pengine iko chini ya pua zetu.

Angalia kila kitu kilichomuokoa: kupika, kwenda dukani, kukaribisha wageni, kulia. Ni kazi zilezile alizokuwa anafanya jana. Hakubadilika awe mtu mwingine, alibaki kuwa mke mwema na ukarimu wake ndo ukala ushahidi. Hebu mhamishie Mary huyo Mafinga mwezi wa saba, baridi inakata, maafande wanafika, anawaambia kamwene, poleni na kazi, ingieni mote moto kwanza. Nani atakataa?

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alipoipeleka kwenye televisheni mwaka 1958 kulikuwa na tatizo, enzi hizo televisheni ya Marekani haikupenda muuaji aondoke salama. Basi mwishoni Hitchcock akatokea mwenyewe na uso wake ule mkavu akaeleza kwamba Mary alikamatwa baadaye, alipojaribu njia ileile kwa mume wa pili, bahati mbaya huyo mume alikuwa msahaulifu hakuchomeka friza kwenye umeme na nyama ikawa laini. Hiyo ndo "adhabu" yake. Mtu yeyote anayedai kwamba mwisho wa hadithi ukiwa na kukamatwa basi hadithi imekuwa na maadili, aifikirie hiyo.

Kuna kitu watu wanachanganya hapa. Mary sio mlipiza kisasi wa jamii nzima, kamuua mmoja kwa jambo lake. Wale wa siku hizi wanaenda mbali zaidi, wana orodha. Na orodha inaleta hatari kwa mwandishi, kwa sababu ukishaua mbaya wa kwanza na wa pili, wa tatu lazima awe mbaya zaidi, wa nne anabaka na anaiba sadaka na anapiga mbwa teke, mpaka wanakuwa vikaragosi na hakuna tena aliyekufa, ni vibao vinaanguka tu. Hadithi nyingi za kwenye magrupu zinafia hapo, karibu na sehemu ya 20, wakati mwandishi bado anadai mtu atume elfu moja ili apate muendelezo.

Aliyeliona hilo na kulipatia dawa, kwa maoni yangu, ni Oyinkan Braithwaite wa Nigeria. Riwaya yake ya kwanza, "My Sister, the Serial Killer", ilitoka 2018 na mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ndefu ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza. Inatokea Lagos, kwa hiyo na wale wa "haya ni ya wazungu" watulie. Dada wawili. Ayoola ni mzuri wa kupindukia na ana tabia moja mbaya, wapenzi wake wanakufa. Korede, dada mkubwa, ni nesi, ndo anayeitwa kwa simu kuja kufanya usafi. Anajua dawa ya madoa, anajua kona za bafuni ambazo damu hujificha, na kitu kinachomkera ni mdogo wake kuanza kuposti mitandaoni wakati mpenzi wake "amepotea" na anatakiwa aonekane ana huzuni. Unacheka, kwa sababu kila familia ina dada wa kuharibu na dada wa kusafisha.

Sasa Braithwaite anafanya kitu cha ujanja. Anakunyang'anya ule uhakika. Ayoola anasema alikuwa anajitetea. Lakini marehemu wa tatu, Femi, alikuwa anaandika mashairi, na Korede hawezi kumtoa kichwani, anajiuliza kama kweli yule alikuwa mtu wa kumshambulia mwanamke. Na wewe msomaji hujaonyeshwa. Upande mwingine kuna baba yao, mkatili, na kisu kinachotumika kilikuwa cha kwake, kwa hiyo unaelewa vurugu ilianzia wapi bila kuambiwa kwamba kila aliyekufa alistahili. Unaendelea kucheka lakini sasa unacheka huku unageuka nyuma. Hiyo ni komedi nyeusi iliyokomaa.

Sasa turudi kwenye lile dai kwamba hizi hadithi zinafundisha watu kuua. Mimi nadhani wanaosema hivo wana wasiwasi wa kweli ila wameelekeza kidole sehemu isiyo yenyewe. Kama unataka kuona kujichukulia sheria mkononi hapa kwetu huhitaji kitabu. Mtu anapiga kelele "mwizi!" sokoni, na ndani ya dakika moja watu hamsini wameshaanza kupiga bila hata mmoja kuuliza nani kaibiwa na kaibiwa nini. Kesho yake gazeti linaandika wananchi wenye hasira kali, kana kwamba ni cheo. Wale hamsini hawakusoma hadithi yoyote. Wanachofanana na mama wa hadithi ni kuua tu, ila kile kitu kilichotufanya tumpende mama, yaani uhakika kwamba anayeadhibiwa ndo mwenyewe, wao hawana kabisa.

Na kuna tukio la kweli ambalo linaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yangu. Mwishoni mwa Agosti 2013, huko Ciudad Juárez, Meksiko, madereva wawili wa mabasi waliuawa kwa risasi siku mbili mfululizo, na mashahidi walisema aliyepiga ni mwanamke. Baadaye vyombo vya habari vya huko vikapokea barua pepe, mwandishi wake akijiita Diana, mwindaji wa madereva, akisema analipiza kisasi kwa wanawake waliodhalilishwa na madereva wakitoka kazini usiku. Huo mji tangu miaka ya 1990 ulikuwa unajulikana duniani kwa wanawake kuuawa na wauaji wengi kutokamatwa. Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini watu wengine walimshangilia. Ni hadithi tayari, jina analo, sababu anayo, hata basi lipo. Ila tatizo ni kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba wale wawili walimgusa mtu yeyote. Walikuwa madereva, wakafa kwa kuwa madereva. Ukiiweka hiyo kwenye kitabu, mwandishi ataongeza ukurasa mmoja unaomuonyesha dereva akifanya ubaya wake na sote tutapumua. Maisha hayakuongeza huo ukurasa.

Kisheria hapa kwetu hakuna utata. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, na "alistahili" sio utetezi. Kuchokozwa palepale kunaweza kushusha kosa likawa kuua bila kukusudia, lakini yule mama yangu wa viazi aliyeandaa gunia na kamba na kuazima mizani mapema, huyo hakuna wakili wa kumtoa.

Wanaosema ni hadithi za wanawake wenye chuki na wanaume nitawapitia harakaharaka. Dahl alikuwa mwanaume. Joseph Kesselring, Mmarekani aliyeandika "Arsenic and Old Lace", mchezo wa jukwaani wa wale shangazi wawili wapole wanaowapa wazee wapweke divai yenye sumu kwa moyo wa huruma kabisa, ulioonyeshwa Broadway, mtaa wa majumba ya michezo New York, kuanzia 1941, naye mwanaume. Na ingia kwenye kibanda umiza chochote cha hapa Mbeya, Soweto au Mafiati, siku wanaonyesha movi ya dada anayelipiza kisasi, alafu uhesabu wanaocheka kwa nguvu ni nani. Ni vijana wa kiume, tena ile sauti ya mtafsiri ikichomekea "hapo baba umekwisha, mwambie mama akupikie" ndo wanaanguka chini kabisa. Watu hawajipangi kwa jinsia wanapomuangalia mnyonge anashinda, wanajipanga kwa nani amewahi kuonewa na bosi, na huko tuko wengi.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Baadhi ya hizi hadithi mpya zinaua watu wadogo: mlinzi aliyeona, binti wa kazi aliyejua, na mwandishi anapita kama hajakanyaga kitu, bado anataka tucheke. Hapo ule mkataba umevunjika. Tulikubali kucheka kwa sababu mama alikuwa anapima sawasawa, viatu vimetolewa, kilo tisini na mbili. Akianza kuua kwa urahisi wake mwenyewe amekuwa dalali, anaweka lumbesa, na mwandishi akilijua hilo na kulifanyia kazi hadithi inapanda daraja, ila wengi hawalijui, wanakimbilia sehemu inayofuata. Nimeacha kusoma moja juzi kwa sababu hiyohiyo, binti wa miaka kumi na sita alisukumwa ngazini katikati ya sentensi ambayo ilikuwa inaongelea pilau.